Nicanor na Shilingi Zenye Malengelenge

Kama ulinunua chumvi Uriri miaka ile shilingi nyeupe ilikuwa inaondoka na ya manjano inaingia, basi Nicanor Odera aliangalia pesa yako kuliko vile daktari amewahi kukuangalia wewe mwenyewe. Unaweka shilingi kwa dirisha ya duka, unaitisha kiberiti, na kiberiti haiji. Kwanza shilingi inainuliwa kwa mwanga. Inageuzwa. Inasuguliwa na kidole gumba kuzunguka ukingo wote, polepole, vile mama anapapasa goti la mtoto ameanguka. Halafu inaangushwa juu ya jiwe la mizani na Nicanor anainamisha sikio. Kuna watu walikuwa wanaacha pesa yao hapo, wanaenda kusaga mahindi, wanarudi, wanapata bado iko wodini.

Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, shati imepigwa pasi mpaka inakata. Shule aliiacha darasa la tano. Ukimuuliza yeye, shule ndiyo ilishindwa kumfuata. Lakini kuna kitu alisoma mpaka mwisho, na alikisomea Rongo kwa mjomba wake, amelala chini ya baiskeli. Mjomba alikuwa fundi. Usukani wa baiskeli, kama hujui, unang'aa kwa sababu chuma imevishwa nguo, ngozi nyembamba ya madini ingine juu yake. Sasa kama chuma ilikuwa na mafuta ama vumbi siku ya kuvishwa, ile nguo haishiki. Inavimba kama lengelenge. Siku moja unaigusa na kucha, inabanduka kama ganda la yai, na chini unapata kijivu na kutu. Kila Nicanor akinunua usukani wa namna hiyo, mjomba alikuwa anamfinya sikio. Kwa hivyo elimu yake iliingia kupitia masikio yote mawili, na haikutoka.

Alipofungua duka yake Uriri, alichomoa sumaku kwa spika ya redio imekufa, akaifunga na kamba, akaitundika kando ya dirisha. Halafu akatoa sheria. Pesa ya kweli haijui sumaku. Ukiona pesa inaruka kushika sumaku, hiyo ni chuma, kuna mtu amekaa nyuma ya nyumba yake na nyundo akiitengeneza. Na ilikuwa kweli, kwa sababu shilingi nyeupe haikuwa inashikwa. Watu wakaamini. Siku ya soko akina mama wa kuuza samaki wadogo wa omena walikuwa wanapanga laini, si ya kununua, ni ya kupimiwa. Nicanor hakuwa anawalipisha. Alikuwa anataka tu wamwite fundi, na wakisahau, alikuwa anawakumbusha.

Sasa ikakuja mwaka wa tisini na tano na shilingi mpya, manjano, inang'aa kama meno ya kuwekwa. Ya kwanza ikashika sumaku. Ya pili ikashika. Ilipofika jioni zote zilikuwa zimeshika, na Nicanor alikuwa amekataa pesa ya soko nzima. Aliambia watu waende polisi wakaripoti. Akaambia mke wa katekista kwamba amepewa sadaka bandia. Wiki karibu iishe, hakuuza hata pakiti ya majani ya chai.

Mwenye aliuza ni Mirumbe, Mkuria mmoja mwenye duka ilikuwa inatazamana na yake, mtu mnene wa kucheka na tumbo. Alitoa kiti nje akakaa.

"Leteni hapa," Mirumbe alikuwa anaita watu. "Zile Nicanor amekataa kulaza, mimi nalaza. Kwangu hakuna saa ya kuona wagonjwa."

Mwishowe Nicanor akaamua kwenda kwa chanzo. Alipanda mpaka Migori, akaingia benki, akaomba abadilishiwe noti apewe shilingi mpya, zile ziko bado kwa karatasi hazijaguswa na mtu. Akazipata. Akararua karatasi hapo hapo kwa kaunta, akatoa sumaku mfukoni. Zikaruka zote. Askari wa mlango alimshika mkono kwa heshima akamsindikiza nje, akamwambia hapa si mahali pa mazingaombwe.

Mtu mwingine angerudi nyumbani kwa njia ya vichochoro. Nicanor alipita katikati ya soko.

"Nimetoka kuchunguza," aliwaambia. "Serikali imebadilisha. Ndani ni chuma, juu ni nguo ya manjano. Nimezikubali."

Mirumbe alisimama kwa kiti yake akapiga saluti.

Tangu hapo Nicanor akaachana na mambo ya ndani, akashika ngozi. Na hapo, tukimcheka tumcheke, lakini jicho alikuwa nalo. Alikuwa na kipande cha lenzi ya miwani imevunjika, na hiyo lenzi ilikuwa inaona mambo. Mirumbe, soko ikipoa, alikuwa anavuka barabara kumletea wagonjwa.

"Daktari, huyu wangu ako na nini?"

"Tetekuwanga. Si unaona vipele? Kulikuwa na uchafu kwa chuma kabla ya kuvishwa. Nguo ikaingia na hewa ndani."

"Atapona?"

"Haponi. Lakini haambukizi."

"Na huyu?"

Nicanor alikuwa anapitisha kucha juu, macho imefungwa. "Huyu si mgonjwa. Huyu amepigwa. Kucha inakwama, sikia. Huu mkwaruzo umekata picha na maandishi bila kuuliza. Kama angezaliwa nao, ungekuwa laini, umelala pamoja na picha kama ndugu."

"Kwa hivyo kuna ya kuzaliwa na kuna ya duniani."

"Ndiyo hiyo kazi yote, Mirumbe. Kujua ni gani."

"Na wewe kichwa yako," Mirumbe akauliza, "ni ya kuzaliwa ama ulianguka?"

Kwa baraza ya duka ya Mirumbe ndipo Phanice alikuwa ameweka cherehani yake. Alikuwa msichana wa kutoka upande wa Homa Bay, amekuja kushona sare za shule na kukaa na shangazi yake. Maneno yake yalikuwa machache na yalikuwa yanafika. Siku moja alinunua sindano kwa Nicanor, akalipa na shilingi iko na lengelenge moja hapo ukingoni, na Nicanor akamfundisha juu ya hilo lengelenge mpaka jua likahama kutoka dirisha moja likaenda lingine. Phanice akasikiza yote. Kesho yake akarudi na mkebe wa vifungo, akaumwaga kwa meza.

"Kagua," akasema.

Alikuwa anamcheka. Soko nzima ilijua anamcheka. Nicanor peke yake ndiye hakujua. Alivuta kiti, akatoa lenzi, akakagua vifungo mchana wote, vya chuma kando, vya plastiki kando, vile vimebanduka rangi akavieleza kimoja kimoja. Alipomaliza, Phanice hakuwa anacheka tena. Alikuwa anaangalia hiyo mikono. Kufika mvua ya vuli watu walikuwa wamezoea kuwaona pamoja, na Nicanor alikuwa ameanza kutafuta ng'ombe wa mahari.

Na ingeishia hapo vizuri kama si matanga.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Uriri, mwalimu wa kwaya, alikufa, na siku ya mazishi watu walitoka mbali. Kamati ikamweka Nicanor kushika beseni ya mchango, kwa sababu nani atapitisha kitu kibovu mbele yake? Kati ya wageni alikuwepo Gordon, ndugu mdogo wa marehemu baba ya Phanice. Huyo Gordon alikuwa mtu wa kuunda mashua karibu na Homa Bay, shingo nene, sauti ya chini, na kwa mambo ya Phanice yeye ndiye alikuwa baba. Aliimba na huyo mwalimu wa kwaya ujana wao. Alikuja mbele akilia kidogo, akaweka noti, akaongeza na shilingi zilizokuwa mfukoni.

Nicanor alimjua. Hiyo ndiyo mbaya. Alimjua, alikuwa ameonyeshwa asubuhi hiyo hiyo, na alikuwa amevaa tai kwa ajili yake. Lakini mkono wa Nicanor ulikuwa unafanya kazi kabla ya kichwa kufika. Ukaingia kwa beseni, ukatoa shilingi moja iko na doa la kijivu kama ukucha, mahali nguo ya manjano haikuwa imeshika. Akamrudishia mbele ya jeneza.

"Jaduong'," akasema, kwa ile heshima ya kuita mzee, "hii haikubaliki."

Mtu mmoja alicheka nyuma. Halafu wengi. Gordon akachukua shilingi yake, akaiangalia, akairudisha mfukoni, akaenda kukaa. Wiki iliyofuata ujumbe ukafika Uriri kupitia kwa shangazi. Gordon anasema mtoto wake hawezi kuolewa na mtu kama huyo, kwa sababu siku atatoka chunusi atarudishwa nyumbani mbele ya watu.

Nicanor alifunga duka siku hiyo. Mirumbe alivuka barabara na hakuwa na mzaha wowote, na hapo ndipo Nicanor alielewa mambo yameharibika kweli. Phanice yeye aliendelea kushona, mguu kwa cherehani.

"Mimi siwezi kupita juu ya baba mdogo," alimwambia. "Nenda ukaongee naye. Lakini ukienda na hiyo mikono yako, mimi sijui."

Zadock akatafutwa. Zadock alikuwa mzee wa kuuza tumbaku, na kazi yake ingine ilikuwa kusimamia vijana kwa wakwe. Alikuwa ameozesha nusu ya Uriri na kurudisha robo. Asubuhi ya safari alimsimamisha Nicanor mlangoni akampapasa kama polisi wa mpaka. Akatoa sumaku kwa mfuko wa koti. Akatoa lenzi kwa soksi.

"Nisikize," Zadock akasema. "Huko tunaenda, pesa haiko. Hujawahi kuona pesa. Ukiona kitu ya mviringo, hiyo ni mwezi."

"Sawa, baba."

"Kata hizo kucha pia."

Boma ya Gordon ilikuwa kwa mteremko juu ya ziwa, nyumba ya mabati, mbao za mashua zimepangwa ukutani nje. Waliingizwa sebuleni. Mama ya Phanice, Benta, hakuonekana, na hakufaa kuonekana, kwa sababu mkwe na mama mkwe huko hawakai chumba kimoja hivi hivi. Walimsikia tu jikoni akisogeza sufuria. Gordon aliwasalimia na mkono mmoja. Halafu ikaletwa chai, na kando ya chai hakukuwa na kitu. Hakuna mkate, hakuna ndizi, hata karanga. Zadock aliangalia hicho kikombe kama mtu amesoma hukumu yake.

Na katikati ya meza, kwa sahani ndogo, kulikuwa na shilingi. Zimemwagwa tu hapo kama mtu amesahau. Hakuna mtu alikuwa amesahau. Gordon alikaa kwa kiti yake, mikono kwa magoti, akiangalia uso wa Nicanor.

Nicanor akakalia mikono yake. Zadock alianza kuongea juu ya mvua, juu ya bei ya mbao, juu ya ukoo wa huyu na wa yule, na Nicanor akaangalia kalenda ukutani. Akaisoma mwezi mzima. Akaangalia picha ya harusi ya mtu. Akaangalia paa. Lakini jicho ni kama ng'ombe, ukisahau kamba kidogo linarudi kwa shamba ya watu. Hapo juu kabisa ya sahani kulikuwa na moja imevimba lengelenge kubwa kama jicho la samaki, na pembeni yake kulikuwa na ufa mdogo, na Nicanor alikuwa anajua kabisa kwamba akiguswa tu na kucha, huyo anabanduka. Jasho likamshuka mpaka kwa tai. Hakugusa.

Zadock alikuwa ameanza kupumua wakati mlango wa nyuma ulifunguliwa na nyanya ya Phanice akaingia.

Bathsheba alikuwa mdogo kama kuku wa kienyeji na alikuwa anatembea kama mwenye boma. Kwa mama mkwe, Nicanor alipaswa kuinama na kunyamaza. Kwa nyanya, mambo ni tofauti. Nyanya ya msichana huko anaruhusiwa kumchezea mkwe vile anataka, anamwita bwana yake, na mkwe hana mahali pa kushtaki. Alikaa karibu naye, goti kwa goti.

"Huyu ndiye bwana yangu?" akauliza.

"Ndiye, dani," Nicanor akasema, akimwita nyanya kwa lugha yao.

"Mbona amekalia mikono? Iliibiwa?"

"Amepumzika tu, mama," Zadock akasema.

"Mimi niliambiwa naletewa fundi wa kuangalia pesa. Uriri yote wanamwongelea. Sasa nyinyi mmeniletea mtu anaangalia kalenda." Akachukua sahani, akamwaga shilingi zote kwa mapaja ya Nicanor. "Angalia hizi. Ukikataa, mimi nakuacha leo, naolewa na huyu wa tumbaku."

Nicanor aliangalia Zadock. Zadock aliangalia chini. Kwa hivyo akaangalia Gordon.

"Angalia," Gordon akasema polepole. "Mimi pia nataka kuona."

Mikono ikatoka. Bila lenzi, bila sumaku, bila kucha hata, alizipanga kwa meza vikundi viwili, na mara ya kwanza tangu aingie hiyo nyumba sauti yake ikarudi. Hii ilizaliwa na vipele. Hii ilikosa nguo hapa ubavuni, si makosa yake. Hii ni ya duniani, ilichomwa kwa makaa, ona vile imegeuka nyeusi. Hii ilisuguliwa na majivu na mtu wa kupenda usafi, akasugua mpaka chuma. Dani akasogeza uso karibu, akachukua ile ya lengelenge kubwa.

"Na hii ya kuvimba?"

"Kuzaliwa."

"Na mimi?" Dani akafungua mdomo wake wote, akavuta mdomo wa chini na kidole. Meno sita ya mbele hayakuwepo, yaling'olewa zamani akiwa msichana, vile desturi ilikuwa. "Mimi nilizaliwa hivi ama nilipigwa?"

Jikoni sufuria ziliacha kusogezwa. Zadock alifunga macho. Nicanor aliangalia hilo pengo kwa makini kabisa, vile angeangalia shilingi.

"Wewe si ya kuzaliwa, dani, na si ya kupigwa," akasema. "Hiyo ni chapa. Iliwekwa na wenyewe kwa makusudi, ndio mtu akikuokota mahali popote ajue wewe ni pesa ya wapi."

Dani alicheka mpaka akashika bega lake asianguke. Jikoni pia kuna mtu alicheka, halafu akakohoa kuificha. Lakini Gordon hakucheka. Alikuwa bado anaangalia hivyo vikundi viwili.

"Ile yangu," akasema. "Ya matanga. Ilikuwa ya wapi kati ya hizi?"

Nicanor akaacha shilingi. Hii ndiyo ilikuwa safari yote, na alijua.

"Hapa," akasema, akaweka kidole kwa kikundi cha kuzaliwa. "Ilikosa nguo tu. Ilikuwa pesa nzuri."

"Hukujua siku hiyo?"

"Nilijua, jaduong'. Mkono ulipoitoa tu nilijua. Lakini watu walikuwa wameshaangalia, na mimi nikiangaliwa, siwezi kurudisha kitu chini."

"Nilinunua kiberiti nayo," Gordon akasema. "Hapo mjini Homa Bay. Mwenye duka hakuiangalia hata kidogo."

"Hao wa Homa Bay wanauza haraka," Nicanor akasema, na Zadock akamkanyaga mguu.

"Na mtoto wangu? Umemkagua?"

Zadock alifungua mdomo ajibu kwa niaba yake, kwa sababu hapo hakuna jibu zuri. Ukisema ndiyo umetukana, ukisema hapana umedanganya. Nicanor akamtangulia.

"Yeye ndiye alinikagua, jaduong'. Mwaka mzima, kutoka kwa cherehani yake."

"Akapata nini?"

"Alipata mambo mengi. Akasema ataendelea tu."

Gordon alisugua shingo yake. Akaangalia dani, na dani akaangalia pembeni kama mtu haongei na watoto. Halafu Gordon akainua sauti kidogo, si kwa Nicanor, ni kwa ukuta wa jikoni.

"Mama Phanice. Hawa watu wametoka mbali na wanakunywa chai peke yake."

Kutoka nje wakasikia mbio, mabawa, mtu akisema shika huyo mwekundu. Zadock aliegemea kiti kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Huko, wakwe wakikuchinjia kuku, mambo ya maneno yameisha, yamebaki ya ng'ombe tu. Nicanor alikuwa anajua hivyo kama mtu yeyote, lakini alikaa wima, mikono kwa meza mahali kila mtu anaiona.

Kuku ilipokuja, ikiwa nzima kwa bakuli, mchuzi unang'aa, dani aliivuta karibu na yeye kabla ya mtu yeyote kunawa.

"Ngoja," akasema. "Bwana yangu aangalie ngozi kwanza."

"Mama, wacha mtu ale," Gordon akasema, lakini safari hii mdomo wake ulikuwa umeinuka upande mmoja.

Nicanor alinawa mikono. Akaiangalia kuku, kwa sababu hangeweza kutoiangalia. Ubavuni kulikuwa na mahali ngozi ilivimba na kupasuka kwa moto.

"Hii ni ya duniani," akasema, na akachukua hicho kipande yeye mwenyewe.